Vyakula Vinavyopatana na Mfaransa

1.

Vyakula vinavyopatana naye:

kondoo wa kuchoma
nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole mpaka ikauachia mfupa
biringanya na nyanya, mafuta yasibaniwe
uyoga
jibini ngumu, iliyozeeka

Vyakula visivyopatana naye:

samaki mwepesi
pilipili kali
siki, na chochote kilichoguswa na siki
mlenda

(Neno la mwisho limeongezwa kwa kalamu nyingine.)


2.

Usidhani tunamzungumzia mkwe. Mkwe tungemchinjia jogoo, angekula akashukuru. Huyu ni mvinyo.

Mwekundu, wa Kifaransa, wa kusini mwa kwao kunakopiga jua. Chupa yake ina jina refu lenye herufi zinazoandikwa halafu zinanyamaziwa. Jikoni, kila aliyejaribu kulitamka alimrushia mwenzake mate. Mwisho wakamwita Mfaransa, yakaisha.

"Mfaransa yuko wapi?"

"Kwenye friji, anapoa."

"Si walisema mwekundu hawekwi kwenye friji?"

"Walisema wakiwa kwao. Kwa joto hili la Dodoma hata shetani angeomba friji."

Aliyejibu hivyo ni Sechelela Chiwanga, mpishi wa pili wa hoteli, mwanamke wa makamo, mikono mipana, mzaliwa wa kijiji cha Chiwondo, kule ambako zabibu huota kwenye mchanga mwekundu kana kwamba zimetukanwa zikaamua kubisha. Baba yake ni mkulima wa zabibu. Yeye mwenyewe mvinyo hajawahi kuunywa, isipokuwa ule wa kanisani, Jumapili ya meza ya Bwana, ambao huitwa divai na huishia ulimini kabla haujafika kooni.

Shika jina lake. Wengine katika hadithi hii watapita. Huyu atabaki na masizi.


3.

Somo lilifanyika jikoni, asubuhi, sufuria zikiwa bado zinachuruzika maji.

Mwalimu alikuwa Evarist, kijana wa Kampuni. Kampuni ndiyo inunuayo zabibu za Chiwondo na vijiji vya jirani; mnunuzi mwingine hayupo. Evarist alisomea mvinyo ng'ambo akarudi na miwani na upole. Alhamisi ya wiki iliyofuata wenye hisa wa Kampuni, wageni kutoka mbali, wangekula hotelini hapo chakula cha mchana. Wangekunywa Mfaransa. Kila sahani ilitakiwa ipatane naye.

"Dada Seche, nusa kwanza."

"Nimenusa."

"Unapata nini?"

"Zambarau. Ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Na kanisa."

Wenzake wakaangua kicheko. Evarist akatabasamu kwa adabu.

"Huyu hatokani na zabibu moja. Ni mchanganyiko. Ziko aina tatu. Ya kwanza inaleta utamu na joto. Ya pili inaleta rangi, na kaharufu ka pilipili manga. Ya tatu inaleta ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Kila moja peke yake ina kasoro. Zikikaa pamoja zinasitiriana."

"Kumbe kama unga wa kwetu."

"Unga?"

"Uwele peke yake una kauchungu. Mtama peke yake ni mzito kooni. Basi unachanganya, unasaga pamoja, unasonga. Ugali unakuwa na adabu."

Evarist alikuwa akipapasa mifuko, akitafuta funguo za gari.

"Eeh," alisema. "Ndivyo hivyo hivyo."


4.

Ndivyo hivyo hivyo.

Kunja ukurasa hapo, wewe unayesoma. Maneno hayo yana uzito wa trela nzima ya zabibu, na yalimtoka mtu akitafuta funguo.


5.

Sisi wa Chiwondo tunakumbuka.

Wao wana mafaili. Faili huliwa na mchwa, huloa, huhamishwa pamoja na afisa wake. Sisi tunatunza kwa mdomo, na mdomo wa mwenye njaa hausahau kilichokuwa kiingie.

Alikuja mnunuzi wa kwanza akasema: uwele ni njaa ya babu zenu, ng'oeni, pandeni zabibu. Tukang'oa. Mwaka zilipojaa, lori lake halikuja. Barabara, alisema. Zikaliwa na mbuzi. Mbuzi wakalewa, wakapanda paa la zahanati, mmoja akakataa kushuka mpaka mganga alipomwita kwa jina. Ule tunauita Mwaka wa Mbuzi. Wageni wakiusikia hucheka. Sisi pia hucheka. Kicheko si ushahidi wa shibe.

Akaja wa pili, na mizani yenye roho yake. Kreti iliyompinda mtu mgongo njiani, ikipanda pale inakuwa nyepesi kama dua.

Akaja wa tatu, ndiye huyu Kampuni. Mwaka jana tulichuma, tukapanga barabarani, akasema matangi yamejaa. Yamejaa nini, tukauliza, na hamjanunua? Akasema suala hilo ni la

(Hakumaliza. Kioo cha gari kilikuwa kimeshapanda.)


6.

Mwaka jana, zabibu zikiozea barabarani, Mzee Chiwanga alikaa kwenye kigoda akitazama nyigu wakifaidi. Hakuwafukuza. "Waache," alisema, "ndio wateja pekee waliofika."

Mwaka huu Sechelela alipokwenda kumsalimu alikuta shoka limeegemezwa nje, mlangoni.

"Baba, mbona shoka liko nje?"

"Linapunga upepo."

"Baba."

"Zikioza tena mwaka huu, nang'oa. Mzabibu wa kwanza mpaka wa mwisho. Napanda alizeti. Alizeti haina maringo. Ikikosa mnunuzi inaliwa na kuku."

"Na mama?"

Mama yake amezikwa kichwani mwa shamba, pale mstari wa kwanza wa mizabibu unapoanzia. Aliomba mwenyewe, akiwa kitandani: nizikeni pale niwasikie mkichuma. Mizabibu ya mstari huo aliipanda kwa mkono wake, na mizizi yake, kwa miaka yote hii, imeshamfikia. Ukiing'oa hujui itatoka na nini.

Mzee alikohoa.

"Mama yako ataelewa."

Alisema kama mtu anayejaribu koti la marehemu mbele ya watu.


7.

Jumapili. Nje ya kanisa, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Upepo umebeba vumbi, akina mama wameshika vitenge vyao.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa, mwanangu. Habari za mjini?" Huyu ni Shangazi Mele, dada wa baba yake, mwanamke ambaye sauti yake hufika mahali kabla yake. "Wanakula nini siku hizi huko?"

"Wanakula na mvinyo, shangazi. Na mvinyo ndio unaochagua chakula."

"Unachagua! Na usipopewa unachotaka? Unarudi kwao?"

Wakacheka. Sechelela naye alicheka, na kwa vile kicheko kilikuwa kimemfungua, akasema lile ambalo alikuwa amelibeba toka jikoni kama kaa la moto kwenye kijiko.

"Unaoheshimiwa kuliko yote ni wa Kifaransa. Na siri yake nimeijua. Ni mchanganyiko."

"Wa nini na nini?"

"Wa zabibu mbalimbali. Hautoki kwenye aina moja. Kama unga."

"Nani kasema kama unga?"

"Yule wa Kampuni mwenyewe. Nilimwuliza mbele ya watu. Akasema ndivyo hivyo hivyo."

Chiwondo kuna zabibu nyekundu ya kienyeji. Kuna Sira, nyekundu ya kigeni. Kuna nyeupe. Tangu tumezijua, huchumwa mbalimbali, kila moja na kreti yake, kila moja na siku yake, kama wake wenza wasiosalimiana.

"Basi tumekuwa tukiwapa kazi," alisema Shangazi Mele polepole. "Tunawapelekea uwele kwenye debe lake na mtama kwenye debe lake, wakachanganye wenyewe. Ndiyo maana wanatukimbia! Nani ahangaike na nafaka wakati jirani ana unga tayari?"

Hakuna aliyecheka hapo. Lilikuwa neno la akili. Lilikuwa neno la kila mwanamke aliyewahi kupika: vitu vinavyokwenda pamoja huchanganywa kabla ya moto.


8.

Sisi.

Tulichuma pamoja, kijiji kizima, kwa ujima, wenye mashamba na wasio nayo. Tulipanga kreti kama mtu anavyopanga chungu cha sikukuu: nyekundu chini, Sira katikati, nyeupe juu, kisha tukaingiza mikono na kugeuza taratibu ili kila kreti iwe na haki yake ya kila kitu. Mikono ikawa ya zambarau mpaka viwikoni. Mtu mmoja alianzisha wimbo wa kutwanga, akijua kabisa kwamba hatutwangi.

Mzee Chiwanga alichuma mstari wa kwanza mwenyewe. Alisema na kaburi akiwa ametugeuzia mgongo, maneno yake na mkewe.

Jioni aliingiza shoka ndani.

Tuliona. Kila mtu aliona.


9.

Yaliyosikika kando ya lori la Kampuni, Jumatano asubuhi:

"Nani kafanya hivi?"

"Kijiji."

"Mzee, nyeupe ina tangi lake. Sira ina tangi lake. Kila moja huchachuka peke yake, ikishakuwa mvinyo ndipo inachanganywa. Baadaye! Siyo kwenye kreti!"

"Tutazichambua. Tupe mpaka mchana."

"Mchambue nini? Hizi zimeshapasuka, maji yameingiliana. Uchafu huu sipokei."

"Umesema uchafu?"

"Nimesema mchanganyiko."

"Umesema uchafu, mwanangu. Masikio yangu yamezeeka, hayajafa."

"Pandisha mlango, twende."


10.

TAARIFA KWA WAKULIMA WOTE WA ENEO LA CHIWONDO

Yah: KUTOPOKELEWA KWA MAZAO YASIYOKIDHI VIGEZO

Husika na somo tajwa hapo juu. Kampuni inapenda kuwajulisha kuwa shehena iliyokaguliwa imebainika kuchanganywa aina kinyume na utaratibu. Kwa kuwa zabibu zilizochanganywa haziwezi kutenganishwa, na kwa kuwa wakulima walikwisha kuelimishwa mara kwa mara, Kampuni haitahusika na hasara yoyote itakayojitokeza. Wakulima wanahimizwa kuzingatia ubora msimu ujao.

Tunathamini ushirikiano wenu.


11.

(Hapa ni mahali pa jibu la Kampuni kwa swali letu: ni nani aliyetuelimisha, lini, na alisimama wapi? Tumeacha nafasi.)







12.

Simu iliita Sechelela akiwa amemimina Mfaransa kwenye nyama.

Ilikuwa Alhamisi yenyewe. Sufuria kubwa ilikuwa mekoni tangu asubuhi, nyama ya ng'ombe, karoti, vitunguu, majani makavu yenye harufu ya dawa, na chupa nzima inazama humo ikigeuka rangi ya donda. Alishika simu kwa bega na sikio.

"Wamezikataa," ilisema sauti ya Shangazi Mele. Kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo kuliko mwenyewe.

Alipoelezwa, hakuuliza mara mbili. Mpishi huelewa kosa la chungu kwa harufu. Alitazama meko: nyama kwenye sufuria yake, biringanya kwenye sufuria yake, uyoga kwenye kikaango chake. Kila kitu kimepikwa peke yake. Vitakutana sahanini. Siku zote alikuwa akipika hivi hapa hotelini, kwa mtindo wao, kwa mikono yake, na hakuwahi kujiuliza kama watu wanaopika hivi hufanya hivi hata kwa zabibu.

Baada ya moto. Wenzetu huchanganya baada ya moto.

Ulimi hauna mfupa, lakini wa kwake ulikuwa umevunja uti wa shamba.

"Baba je?"

"Ametoa shoka."

"Shangazi, mimi ndiye niliye…"

"Nyamaza. Hukutunga. Uliambiwa ukasema. Sasa tuko njiani, zabibu zote ziko kwenye trela ya trekta. Tunakuja hapo hapo unapopikia. Yule aliyesema ndivyo hivyo hivyo atoke getini aseme tena, mbele ya hao wakubwa zake. Akisema, watazichukua. Baba yako kasema atangoja mpaka turudi."

Nyama ilianza kuchemka. Aliipunguzia moto, kama inavyotakiwa.


13.

CHAKULA CHA MCHANA KWA HESHIMA YA WAGENI WETU

Biringanya na nyanya za kuoka
Nyama ya ng'ombe katika mvinyo, uyoga, viazi vya kupondwa
Kondoo wa kuchoma
Jibini tatu

Pamoja na: mvinyo mwekundu wa mchanganyiko, Ufaransa

Zabibu za mezani ni mapambo. Tafadhali zisiliwe.


14.

Redio ya mlinzi:

"Getini hapa, kuna trekta. Ndiyo, trekta. Na akina mama. Hapana, hawana silaha, wana zabibu. Nyingi, mkuu. Nyuki nao wamekuja. Wanasema hawaondoki. Nani? Wanamtaka mtu anaitwa Ndivyo… hapana mkuu, sijanywa."


15.

Sechelela alimbana Evarist kwenye korido kati ya jiko na ukumbi, akiwa na aproni yenye madoa ya Mfaransa.

"Kaka Evarist. Wako nje. Toka uwaambie."

"Niwaambie nini, dada Seche?"

"Ulichoniambia mimi. Kwamba ni kama unga."

Alimtazama kupitia miwani, na Sechelela aliona kumbukumbu ikipanda usoni mwake hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba isiyo yake.

"Mungu wangu. Walichanganya?"

"Wote. Kila kreti."

"Dada, mimi nilikuwa… nilidhani unatania tu."

"Toka. Jua linazipika pale nje. Waambie hao wakubwa kwamba kosa lina baba."

Evarist aliangalia mlango wa ukumbi. Ndani, vijiko vilikuwa vikigonga sahani.

"Nitatoka. Nakuahidi. Baada ya jibini."


16.

Baada ya jibini.


17.

Sahani za nyongeza ya biringanya zilikuwa nzito, wahudumu wawili walikuwa wametumwa getini kutuliza watu, basi Sechelela mwenyewe akabeba. Aliingia ukumbini wakati Evarist amesimama na glasi, akiwasimulia wageni. Alisema kwa lugha yao. Sechelela aliielewa, amezunguka nyuma ya viti vya wenye lugha hiyo miaka mingi, na mtu hawezi kubeba sahani za lugha bila kuonja mabaki yake.

Alikuwa akisema hivi:

Zamani huko Ufaransa, babu za babu hawakutenga. Shamba moja lilikuwa na mizabibu ya kila aina, nyekundu na nyeupe, bega kwa bega. Siku ya kuchuma walichuma zote pamoja, wakazikanyaga pamoja kwenye pipa moja, zikachachuka pamoja. Leo wachache waliobaki na mashamba ya namna hiyo huheshimiwa mno. Watu husafiri kwenda kuwaona. Mvinyo wao unaitwa

urithi.


18.

Uchafu.


19.

Sahani ya mwisho aliiweka mezani bila kuidondosha. Tunataka ijulikane hivyo, kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba alivunja vyombo. Hakuvunja hata uma.

Alisimama wima. Alisema kwa Kiswahili, maana hasira haikwenda shule.

"Na hizo za babu zao, nani alizikataa getini?"

Wageni waligeuka, nyuso zimejaa fadhila. Meneja aliinuka haraka, akacheka kicheko cha kufuta meza.

"Anauliza," aliwatafsiria, "kama mmefurahia biringanya."

Wakapiga makofi.

Walipiga makofi kwa moyo, masikini wa Mungu, mmoja akaweka mkono kifuani kuonyesha jinsi ilivyomgusa. Mama mmoja alimpiga picha. Ukumbini mle alikuwemo mtu mmoja tu, ukiacha Meneja na watu wake, ambaye lugha zote mbili zilikuwa masikioni mwake, na Sechelela alimtazama huyo. Makofi yaliendelea. Yeye alingoja. Alimpa muda wa mtu kufungua mdomo. Alimpa na wa kuufunga akaufungua tena.

Evarist aliinua glasi.

Akanywa.


20.

Kwa: Bi. Sechelela Chiwanga
Cheo: Mpishi Msaidizi

Kwa barua hii unaarifiwa kuwa ajira yako imesitishwa kuanzia leo kutokana na utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Unatakiwa kukabidhi aproni, kofia na kisu.

Wageni wameomba ufikishiwe pongezi zao kwa chakula.


21.

Alipanda trela pamoja na zabibu. Chini ya kreti mvinyo ulikuwa umeshaanza kujitengeneza wenyewe bila ruhusa. Matone yalianguka barabarani nyuma yao, na nyuki wakawasindikiza hadi nje ya mji kama ndugu wa marehemu.

Shangazi Mele alivuta pumzi.

"Makofi yale yalikuwa ya nini? Tuliyasikia mpaka getini. Tukadhani wamekubali."

Sechelela alisogeza kreti iliyokuwa ikivuja.

"Tukashangilia," alisema Shangazi Mele. "Sisi pale nje. Tukashangilia nao."

Simu ikatetemeka. Ujumbe, kutoka namba isiyo na jina:

Zikanyageni leo hii. Msizioshe. Mtungi msiujaze, funikeni kwa kitambaa safi, uachwe upumue.

Hakukuwa na salamu. Hakukuwa na samahani.

"Nani huyo?"

"Mtu aliyemaliza jibini."


22.

Mzee Chiwanga alikuwa amekaa kichwani mwa shamba, shoka mapajani. Aliiona trela imejaa kama ilivyoondoka. Hakuhitaji kuambiwa.

"Basi," alisema, na kuinuka.

"Baba, ngoja."

"Nimengoja tangu mnunuzi wa kwanza. Nimengojea lori, nimengojea mizani, nimengojea matangi. Nimekuwa kituo cha lori mimi?"

"Baba, ule mtungi wa mama uko wapi?"

Watu wote wakatazama chini. Marehemu alikuwa mpika pombe hodari wa uwele, watu walitoka vijiji vya mbali, mpaka siku alipookoka. Siku hiyo aliutoa mtungi wake mkubwa kuliko yote nje, akauosha, akaufudikiza nyuma ya nyumba mbele ya mashahidi. Tangu hapo haujageuzwa. Kuku wameutagia kivulini, mvua imeupiga mgongo. Mtungi uliofudikizwa kwa wokovu haugeuzwi na mtu. Na Mzee Chiwanga ni mzee wa kanisa.

"Unajua unachoomba?" alisema.

"Najua."

"Yeye yuko hapo chini anasikia."

"Ndiyo. Alisema anataka kusikia tukichuma. Hakusema tukimaliza kuchuma tuzitupe."

Mzee alilitazama kaburi. Kisha aliliweka shoka juu ya kaburi, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake amshikie mzigo kidogo, akaenda nyuma ya nyumba.

Tulimsikia akiguna. Tulisikia udongo ukiachia.

Aliugeuza peke yake.


23.

Nawa miguu mpaka magotini. Shika bega la aliye mbele yako. Usiruke, kanyaga kama unayemfundisha mtoto kutembea. Mbegu zisipondwe, zina uchungu. Nyekundu ya kienyeji, Sira, nyeupe, zote chini ya nyayo zile zile, akina mama wa kwaya, wameshika sketi zao, hawatazamani usoni.

"Mchungaji akitukuta?"

"Atakuta tunaosha miguu. Si amri hiyo?"

Kicheko kimoja. Kikakatika katikati.

Mtungi ule haukutosha. Kilichobaki tulikigawa kwenye mitungi ya watu wengine, kwenye madumu, kwenye chochote kisicho na tobo. Kilichokosa chombo kilimwagwa, na ardhi yetu, ambayo hainywi mvua mpaka ibembelezwe, ilikinywa chote kwa mkupuo mmoja.


24.

Vyakula vitakavyopatana naye, akiwa mvinyo:

mbuzi wa kuchoma
maini
ugali wa uwele na mtama, wa unga uliochanganywa kabla
mlenda, atake asitake

Vyakula vitakavyopatana naye, akiwa siki:




25.

Msimu unasogea. Zahanatini, kisimani, kila anayepita huuliza kwa kidevu tu, bila maneno, na Sechelela hujibu kwa kidevu: bado.

Amerudi kukaa kwa baba yake. Anapikia mekoni pa mama yake, chungu kimoja. Mzee huwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya mtungi, kichwa kimeinamia kitambaa. Ndani kunavuma. Si kwa nguvu. Kama mtu anayesema usingizini, anayekaribia kutaja jina halafu anageuka upande wa pili. Harufu inapanda, na kila siku ni nyingine: leo zambarau, jana kidonda, juzi kanisa.

"Ukinyamaza?" anauliza Sechelela.

"Ukinyamaza tutaonja."

"Na ikiwa siki?"

Mzee anatazama kaburini. Shoka bado liko pale, umande umeanza kulila makali, na hakuna aliyethubutu kulitoa wala kulifuta kutu. Nyuma yake mstari wa kwanza umesimama, mtupu, majani yake yanakauka kama kila mwaka, na kama kila mwaka hayaelezi kama ni kufa au ni kupumzika.

"Baba, nimeuliza."

"Shh," anasema Mzee Chiwanga. "Mama yako anasikiliza."

Nawe uliyefika hapa, usituulize sisi. Piga goti. Weka sikio kwenye udongo wa mtungi, hapo kwenye tumbo lake, palipo na uvuguvugu.

Bado unasema.

Bado